Umekuja kwa Jino Lipi?

Ukimwambia mtu wa Igoma, hapa Mwanza, kwamba unakwenda kwa daktari wa meno, atakuuliza ni lipi linalokusumbua. Ukijibu kwamba hakuna linalouma, atakutazama mara ya pili. Jirani atakupa pole hata hivyo, maana kwake safari ya meno ina mwisho mmoja: mtu anarudi na shavu zito kwa ganzi, pamba ameibana mdomoni, anaongea kwa ishara, na kesho yake anakunywa uji. Kama hakupiga kelele kwenye kiti, mtaa mzima utamsifu kwa ushujaa.

Chumba chenyewe cha daktari kimezoea hivyo. Niliyemkuta mimi ni binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, amevaa barakoa, macho tu ndiyo yanaonekana.

"Shikamoo, mzee. Umekuja kwa jino lipi?"

"Marahaba, daktari. Nimekuja unitazame yote. Hakuna linaloniuma."

Akaweka kalamu mezani. "Kweli hakuna?"

"Kweli."

"Basi karibu sana. Wa namna yako huwa siwapati."

Sikumlaumu kwa swali lake. Anayefika kwake kwa kawaida amekwisha kutafuna karafuu, amesukutua kwa maji ya chumvi, amemeza vidonge vya dukani mpaka vimegoma, na usiku ametembea uani akimsubiri jogoo. Huyo haji kutazamwa. Anaonyesha kwa kidole na kusema, ling'oe.

Maumbile ya jino yenyewe yanachangia. Gamba lake la nje ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, mifupa ikiwemo, ila halina hisia hata kidogo. Bakteria wa mdomoni wanapokula sukari iliyobaki wanatoa tindikali, na tindikali hiyo inayeyusha madini ya jino polepole, kwa miezi na pengine kwa miaka, bila mwenye jino kujua lolote. Tundu likishalivuka gamba, ndipo maji baridi yanaanza kukushtua. Likikaribia neva, ndipo unakesha. Kwa hiyo anayesubiri maumivu anafika wakati tiba nyepesi zimekwisha kupita: kuziba hakutoshi tena, kutibu mzizi ni ghali na hakupatikani kila kituo, na kung'oa ndiko kunakowezekana leo kwa fedha iliyopo mfukoni. Halafu anasimulia nyumbani. Watoto wanasikia. Woga wetu wa kile kiti una sababu zake, kwa kuwa tumekijua kwa kazi moja tu.

Vijana wa bodaboda wa pale sokoni wananishangaza katika hili. Pikipiki wanaihudumia ikiwa nzima: oili inamwagwa kwa hesabu ya kilomita, cheni inakazwa kabla haijaruka, na injini ikibadili mlio kidogo tu fundi ameitwa. Kijana huyohuyo akicheka unaona gego lililobaki visiki viwili, na ukimuuliza anakwambia, "Ah, mzee, halijaanza kuuma."

Kinachofanyika ukienda bila maumivu ni kidogo sana kuliko sifa zake. Kwanza ni maswali, na mengine utaona hayahusiani na meno. Una presha? Kisukari? Unatumia dawa gani? Kuna dawa iliyowahi kukudhuru? Mwanamke ataulizwa kama ni mjamzito. Usimfiche. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa fizi zake huharibika haraka, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande anaweza kutokwa na damu kwa muda mrefu. Mjamzito fizi zake huvimba kwa mabadiliko ya homoni, na ile imani kwamba mwenye mimba asiguswe meno imewaacha kina mama wengi na damu mdomoni kwa miezi tisa. Kumbe kutazamwa na kusafishwa anaruhusiwa, mradi aseme.

Kisha kiti kinalazwa, taa inawashwa, na daktari anaingiza kioo kidogo chenye mpini na kijiti cha chuma chenye ncha. Msaidizi wake akashika fomu, wakaanza kusoma namba. "Moja-sita, salama. Moja-saba, salama. Tatu-sita, andika alama." Mtu aliyelala chali, mdomo wazi, akisikia anahesabiwa namna hiyo lazima aingiwe na wasiwasi, hasa kwa kuwa hawezi kuuliza. Maana yake ni nyepesi. Mdomo umegawanywa robo nne, na kila jino linahesabiwa kuanzia katikati kwenda nyuma. Tarakimu ya kwanza ni ya robo, ya pili ni ya jino. Tatu-sita ni gego la sita, taya la chini, upande wa kushoto.

Hilo gego la sita nataka nikae nalo kidogo, kwa kuwa ndilo linaloonewa kuliko yote. Huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, na wala haling'oi jino lolote ili kupata nafasi yake. Kwa sababu hakuna kilichodondoka, mama anadhani nalo ni la utoto, kwamba likioza litatoka na jingine litakuja. Halitakuja. Ni jino la kudumu, la kwanza kufika, lina mifereji mingi juu yake inayoshika makombo, na linaanza maisha katika kinywa cha mtoto anayepewa pipi akinyamaza na soda siku ya sikukuu. Ukipita Igoma jioni utaona miwa imemenywa na kukatwa vipande kwenye mifuko ya nailoni, na soda zinazojazwa humuhumu Mwanza ziko kwenye kila friji la barabarani. Sisemi mtoto asile muwa. Nasema yeyote anayempa muwa ajue kwamba jino lililo nyuma pale halina mrithi.

Daktari hatazami meno peke yake. Atainua ulimi wako kwa kipande cha pamba, atavuta midomo, ataangalia ndani ya mashavu na kaakaa, atapapasa chini ya taya na shingoni. Watu hudhani ni mbwembwe. Huko ndiko anakoona utando mweupe wa fangasi unaoweza kuashiria kinga iliyoshuka, kidonda kisichopona cha mtu anayevuta sigara, au uvimbe ambao mwenyewe ulidhani ni tezi tu.

Katika nchi hizi zinazolizunguka ziwa, jicho hilo lina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliona watoto wenye uvimbe wa taya wa aina moja wakija tena na tena. Akaandika juu yake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakasafiri maelfu ya kilomita kusini na mashariki mwa Afrika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine kuuliza nani ameuona ugonjwa huo na nani hajauona, mpaka ramani ikaonyesha kwamba unafuata maeneo yenye joto, mvua na malaria. Mwaka 1964, ndani ya chembe za uvimbe huohuo, wanasayansi wa London waligundua kirusi kilichokuja kuwa cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Safari yote hiyo ilianza kwa mtu kutazama mdomo wa mtoto kwa makini. Dalili ambayo mzazi anaweza kuiona mapema ni meno ya mtoto kulegea wakati si wake, au taya kuvimba. Ugonjwa huo husikia dawa vizuri ukiwahiwa, na hapa Mwanza watoto wenye saratani wanatibiwa Bugando. Ukishapita miezi ya kuchanjwa chale shavuni, habari ni nyingine.

Na kwa kuwa tumefika kwa watoto, lisemwe na hili la meno ya nailoni. Mtoto mchanga anapata homa na kuharisha, fizi zake zinaonekana zimevimba na kuwa nyeupe pale panapochomoza chonge, na mtu anayejiita mtaalamu anazichimba kwa ncha ya chuma, hata spoku ya baiskeli, kutoa "jino baya". Anachotoa ni kijino cha utoto ambacho hakijakomaa. Homa ilikuwa ya malaria au ya maradhi mengine yenye tiba yake, na sasa mtoto ameongezewa jeraha, hatari ya pepopunda, na pengine kuharibiwa chonge la ukubwani lililokuwa limejificha chini. Madaktari wa meno wa Tanzania wameyapigia kelele haya tangu miaka ya 1980. Wanapomtazama mtoto wa miaka mitano na kukuta machonge hayapo, hawahitaji kuuliza kilichotokea.

Turudi kwenye kiti, maana kusafisha bado.

Kinachosafishwa kinaitwa ugaga. Utando laini wa bakteria unaobaki baada ya kupiga mswaki vibaya hunyonya madini ya mate, na ndani ya siku chache huanza kuwa mgumu. Ukishakuwa mgumu, mswaki hauutoi, uwe wa plastiki wa dukani au wa kijiti cha mti. Hupenda kukaa mahali ambapo mirija ya mate inafungukia: kwenye mashavu mkabala na magego ya juu, na zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Pitisha ulimi hapo sasa hivi. Kama ni kukwaruza, umeupata. (Wajaluo wa zamani, wa Rorya na wa ng'ambo ya Kenya, walikuwa waking'oa meno sita ya mbele ya chini kama alama ya kukua. Shida hii ya ugaga wa mbele ilikuwa haiwahusu, ingawa sishauri mtu aifuate njia hiyo.)

Mashine inayotumika ina ncha nyembamba inayotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde na kumwaga maji papo hapo. Mlio wake ni mwembamba, wa kukera, nao ndio unaowatisha watu kuliko chochote, kwa kuwa unafanana na wa kutoboa. Hautoboi. Ugaga unapasuka na kudondoka vipande, maji yanaupeleka, mrija unanyonya mate. Utatema damu. Hapo wengi hukasirika na kusema wamechanwa. Fizi zilizokaa na ugaga muda mrefu zimevimba, na zikiguswa kidogo zinatoa damu. Zenye afya hazitoi hivyo. Mwenye ugaga mwingi sana chini ya fizi anaweza kupigwa ganzi, au kuambiwa aje mara nyingine amaliziwe upande uliobaki. Mwishoni meno hupakwa dawa yenye mchangamchanga na kusuguliwa.

Yapo malalamiko mawili ninayoyasikia kila ninapozungumza jambo hili, na yote yana ukweli nusu. La kwanza: kusafisha kunalegeza meno. Ugaga ukishakula nafasi na fizi na mfupa vikarudi nyuma, meno yanakuwa yamelegea tayari, ila yamegandamana kwa ule uchafu. Ukiondolewa, mtu anahisi nafasi kati ya jino na jino, anastuka na maji baridi kwa siku kadhaa, na anamlaumu daktari kwa kilichofanywa na miaka. Fizi zikitulia zinashika tena, kwa kadiri mfupa ulivyobaki. La pili: nimesafishwa lakini hayakuwa meupe. Mtu aliyekulia Arusha, Hai, au sehemu za Mara na Shinyanga zenye visima vya floraidi nyingi, ana rangi ya kahawia iliyoingia ndani ya jino lilipokuwa likijengwa. Hiyo haisuguliki. Kuna tiba zake, ni nyingine na bei yake ni nyingine, na anayekuahidi kuitoa kwa unga wa kusugulia anakuibia fedha na kukukwangua gamba.

Na tundu dogo likionekana? Hapa nina neno na nchi yangu. Katikati ya miaka ya 1980, madaktari wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walikuwa wakihangaika na vijiji visivyo na umeme ambako mashine ya kutobolea haifanyi kazi. Wakajaribu kuondoa sehemu iliyooza ya jino kwa vifaa vya mkono tu, kisha kuziba kwa saruji ya meno inayogandia jino lenyewe. Mara nyingi haikuhitaji hata sindano. Njia hiyo ilienda Thailand, ikaenda Zimbabwe, na Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Leo inafundishwa kwenye vyuo vya meno vya nchi tajiri na kutumika kwa watoto wanaoogopa sindano. Tuliwapa watu namna ya kubaki na meno yao, na sisi wenyewe tukaendelea kuyang'oa. Naona hilo ni aibu, na silioni kuwa la madaktari peke yao. Njia nyepesi inamhitaji mgonjwa anayefika tundu likiwa dogo.

Jino lina thamani gani hasa, mtu akiwa nayo thelathini na mawili? Swali hilo niliulizwa na rafiki aliyekuwa anakunywa chai kwa sukari ya vijiko vinne. Kwa Msukuma jibu liko kwenye sahani. Michembe haitafuniki kwa fizi. Mapanki ya sangara yaliyokaangwa yakakauka, mahindi ya kuchoma ya kando ya barabara ya Musoma, nyama ya mbuzi ya siku ya harusi: hivi vyote vinakwenda kwa gego. Nimewaona wazee wakikataa chakula cha shughuli kwa adabu, wakisema wameshiba, na mwenyeji akidhani wamechukia. Hakuna aliyechukia. Hawana cha kutafunia, na kusema hivyo mbele za watu wanaona haya.

Barabara hiyohiyo ya Musoma ukiifuata inakupeleka kwenye lango la Serengeti, na ukivuka mbuga unafika Olduvai. Huko, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona meno yamechungulia udongoni, na kwa hayo likapatikana fuvu la zamadamu Zinjanthropus lenye miaka milioni 1.75 hivi. Magego yake yalikuwa makubwa kiasi cha kupewa jina la utani la mvunja njugu. Mwili ulikwisha kuwa vumbi, fuvu na meno yakabaki. Jino likiachwa peke yake udongoni linaweza kuvuka zama; linashindwa na miaka kumi ya kinywa chenye sukari.

Juu ya kurudi kila miezi sita, nisiseme kama Msahafu. Uingereza, tangu mwaka 2004, mwongozo wao unamwachia daktari apange kati ya miezi 3 na miezi 24 kwa mtu mzima, kulingana na hali ya kinywa chake. Mwenye fizi nzima na asiye na matundu hahitaji kurudi mapema. Mwenye kisukari, mjamzito, mvutaji sigara, na yeyote ambaye fizi zinatoa damu akipiga mswaki, hao wasikae mwaka. Kwa anayeishi huku na hajawahi kwenda hata mara moja, mara moja kwa mwaka ingekuwa mapinduzi.

Kabla hujaenda, uliza mambo matatu bila kuona aibu. Bei, na kama bima yako inalipa kusafisha au inalipa kung'oa tu. Cheti cha anayekutibu, maana vishoka wa meno wapo na huchekesha mpaka utakapopata homa ya ini. Na vifaa: vinapaswa kuwa vimechemshwa kwa mvuke wa shinikizo na kufunguliwa kwenye pakiti mbele yako, na glovu zivaliwe upya. Daktari mzuri hachukii kuulizwa. Wangu alinionyesha mwenyewe. Kula kwanza, piga mswaki, nenda asubuhi. Wiki ya tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, mikoa mingi huwa na uchunguzi wa bure, kwa hiyo sikiliza redio.

Na kama nyumbani kuna mtoto aliyeanza darasa la kwanza, mpandishe yeye kwenye kiti kabla yako. Gego lake la sita limeota mwaka huu au litaota mwakani, na hatapewa jingine.